Riyadh Niliyoitunga Jikoni

Kiangazi kile familia ninayoifanyia kazi ilizunguka Italia na Uhispania kwa ndege na kwa treni. Mimi nilibaki Jeddah, mtaa wa Rawdah, kuhakikisha kwamba mama mzazi wa bosi wangu anaamini wako Riyadh. Mtu akiniuliza kama nimewahi kwenda likizo Ulaya, hilo ndilo jibu la karibu zaidi nililonalo. Safari yenyewe naijua kuliko baadhi ya walioisafiri. Tiketi zote nilikata mimi, kwenye simu, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya mashine ya kufulia.

Madam, mke wa bosi, ndiye aliyenipa kazi hiyo. Yeye ana haraka na mimi nina woga, na kwa mambo ya tiketi woga unafaa zaidi. Mimi ni mtu wa kurudi kuangalia jiko la gesi baada ya kulizima, kisha kurudi tena kuangalia kama niliangalia vizuri. Nikipanga vikombe, mikono yote inaelekea upande mmoja, na kimoja kikigeuka siwezi kuendelea na kazi nyingine. Shule niliiacha kidato cha pili, nyumbani Voi. Ninachokijua tangu hapo nilijifunza peke yangu: Kiarabu kwa televisheni na kwa kusikiliza watu wakigombana kwenye simu, mapishi kwa video, na treni za nchi ambazo sijaziona kwa kukosea na kuanza upya. Sisemi hivyo kujisifu. Mtu aliyejifunza peke yake hajui mashimo ya ujuzi wake yako wapi, kwa hiyo hutembea akiogopa kila mahali.

Mama wa bosi anaishi chumba cha chini, karibu na jikoni. Bosi namwita baba, kama ilivyo desturi ya nyumba za huku, na mama yake mimi na dereva tunamwita mama kabira, mama mkubwa wa nyumba. Ana kisukari na anadungwa sindano ya insulini kila siku. Miaka mingi kabla sijaja, mume wake alipanda ndege kwenda kutibiwa nje. Akampigia simu kutoka hotelini kulalamika kwamba chakula cha huko hakina chumvi, na wiki iliyofuata akarudishwa akiwa maiti. Tangu hapo mtu wake yeyote akivuka bahari kwa ndege, mama kabira hukaa kwenye msala na hali kitu mpaka aambiwe ametua. Mtu wa sindano hawezi kukaa bila kula. Mwaka uliotangulia baba alikwenda Istanbul kikazi, na mama yake akaanguka chooni, nikamkuta.

Safari za ndani ya nchi hazimsumbui. Riyadh kwake ni kama chumba cha pili.

Kwa hiyo baba aliamua waage kwamba wanakwenda Riyadh kwa ndugu zake madam. Na kweli walikwenda. Wangelala huko, kisha asubuhi wapande ndege ya Roma. Alikuja kunieleza jikoni, akasimama mlangoni kama mtu asiyejua jikoni huingiwa vipi.

"Si uongo mzima," alisema. "Unaanza na ukweli. Wewe malizia tu."

"Sawa, baba."

"Ni kwa ajili ya afya yake."

"Najua, baba."

Nilijua pia ninachoweza kupoteza. Dada aliyefanya kazi kabla yangu aliambiwa na daktari aondoe sukari ya kawaida kwenye chai ya mama kabira. Akaibadilisha na ile ya wagonjwa, akamwambia chai ni ile ile. Mama kabira alionja, akaweka kikombe chini, na hakugombana. Aliacha tu kula chochote kilichotoka kwenye mkono wa yule dada. Haikuchukua muda akarudishwa ofisini kwa wakala, kule wanakokaa wasichana kwenye chumba kimoja wakingoja kafili, yaani mwajiri, mwingine. Mimi alikuwa akila kwangu bila kuuliza. Hata tende alitaka nimtolee kokwa mimi. Sikutaka kurudi ofisini. Na niseme ukweli, haikuwa ofisi peke yake. Katika nchi nzima ile hakukuwa na mtu mwingine aliyefurahi nikiingia chumbani.

Basi nikaifanya kazi ya uongo kama ninavyofanya kila kazi. Niliiweka hali ya hewa ya Riyadh kwenye simu yangu. Mimi ni Mkristo, lakini nyakati za swala za Riyadh nilizijua kuliko waumini wengi, kwa sababu kule jua huzama kabla ya kwetu, na mtu akipiga simu akasema ndiyo kwanza anatoka kuswali magharibi, lazima saa zikubaliane. Nilimwandikia madam kwamba kiangazi Ulaya jua halizami upesi. Huku kwetu isha ikiwa imeshaswaliwa, dirisha lao bado limejaa mwanga, kwa hiyo wapige simu wakiwa wamefunga mapazia. Kwenye treni wasipige kwa video kabisa. Watoto, wasichana wawili, wasiseme neno treni, na wakiteleza wakalisema, waseme ni treni ya mjini, maana Riyadh sasa inayo.

Madam alinijibu kwa alama ya kidole gumba. Baadaye akaongeza: "Wewe ungefaa kuwa polisi."

Dereva wetu ni Mkenya mwenzangu, mtu wa Nakuru, na yeye aliliona jambo hili kuwa burudani. Kila asubuhi akija mlango wa jikoni kuchukua chai aliniuliza habari za huko.

"Sistee, leo Riyadh yako iko aje?"

"Vumbi. Mpaka saa sita."

"Na watu wako holiday. Si ungewapea hata mvua kidogo?"

"Haijanyesha huko."

"Kwani wewe ndio haujui kuinyesha? Watu wako Roma wanakula pasta, na wewe unawapiga na vumbi."

"Ondoka na chai yako."

"Yalla, naondoka. Lakini ukitunga Nakuru siku moja, niwekee nyumba ya ghorofa."

Nilikasirika kidogo, kwa sababu alikuwa amegusa mahali penyewe. Niliipenda kazi ile. Niliamka na hamu ya kuiangalia Riyadh kabla ya kupiga mswaki. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho hakuna aliyenifundisha na ambacho hakikuwa na kosa hata moja, au hivyo nilivyoamini. Mama kabira aliniuliza, "Kuko vipi kwao leo?" na mimi nikamjibu kabla hajamaliza swali. Alikula, alidungwa sindano, alilala mchana. Madam alinitumia picha mimi, si yeye: mabaki ya kuta za Roma, binti mkubwa akiwa amenuna mbele ya sanamu, mizigo yao mingi ikiwa imeziba njia ndani ya treni ya kwenda Firenze na Mwitaliano mmoja akiiruka.

Jioni moja binti mdogo alichukua simu na kumwambia bibi yake kwamba amekula aiskrimu juu ya daraja, na chini kulikuwa na maji mengi.

"Daraja gani Riyadh?" mama kabira aliuliza.

Mtoto akageuka kumtazama madam. Pazia lilikuwa limefungwa vizuri, hilo niliona.

"Ni kule bonde la Wadi Hanifa, mama kabira," nilisema huku nikimimina kahawa. "Wametengeneza bustani na madaraja. Watu wanakwenda jioni."

"Maji? Riyadh?"

"Si mengi. Yeye ni mdogo, anaona mengi."

Alicheka. Alipenda kusikia Riyadh ikidharauliwa, maana yeye amezaliwa Ruwais, pwani ya Jeddah, nyumba yao ikisikia bahari, na watu wa bara aliwahesabu kuwa watu wa kuonewa huruma.

"Nitamuuliza dada yangu," alisema. "Hajawahi kuniambia habari ya daraja."

Nikaendelea kumimina mpaka kahawa ikafurika kwenye sahani.

Mama kabira ana mdogo wake, dada pekee aliyebaki hai. Aliolewa Riyadh akiwa msichana na hakurudi tena kuishi Jeddah. Nilimjua. Kila Ijumaa baada ya alasiri walipigiana simu, na mimi ndiye niliyeweka simu kwenye spika na kuleta maji. Nilijua anaumwa nyonga na kwamba anaishi peke yake na mfanyakazi mmoja. Nilikuwa nimekusanya vumbi la Riyadh, joto lake, swala zake, bustani zake na treni zake, na sikukumbuka hata mara moja kwamba ndani ya mji ule kuna mtu. Nilikuwa nimeutunga kama mji usio na watu. Na huku, mwana akiingia mji anaokaa dada ya mama yake, haendi popote kabla hajamsalimia. Mtoto mdogo anajua hivyo. Baba na madam walijua tangu kuzaliwa, wakasahau kwa sababu vichwa vyao vilikuwa Roma. Mimi sina kisingizio hicho.

Nilimwandikia madam. Walikuwa uwanja wa ndege wakingoja ndege ya Barcelona. Akajibu: "Mwambie ana mikutano."

Ijumaa ilipofika nikaweka simu kwenye spika. Waliulizana habari za magoti na nyonga, kisha mama kabira akasema, kwa sauti ya mtu anayefungua zawadi, "Mwanangu alikula nini kwako?"

"Mwanao yupi?"

"Ninaye mwingine? Yuko kwenu wiki nzima."

"Kwetu wapi?"

"Riyadh, wewe. Na mke na watoto."

Dada yake akasema polepole, "Labda amefika juzi. Atakuja."

"Ana mikutano," nilinong'ona pembeni. Mama kabira alinipungia mkono kama anayefukuza inzi.

"Atakuja kesho mchana," alimwambia dada yake. "Mpikie saliqi, wali wa maziwa, ule aliokuwa anaulilia kwako akiwa mdogo. Kesho, baada ya adhuhuri. Mimi nimesema."

Hakumuuliza mwanawe. Kwa nini amuulize? Alimtumia ujumbe wa sauti kumjulisha anakokula kesho, na baba akajibu jambo lisiloeleweka lililoanzia na inshallah na kuishia na inshallah. Madam aliniandikia kwamba kesho mchana watakuwa kwenye treni ya kutoka Barcelona kwenda Cordoba. Nilijua. Viti nilivichagua mimi, upande usiopigwa na jua.

Jumamosi mama kabira alichomwa sindano yake ya asubuhi na kunywa chai. Mchana alikataa chakula. Alisema atakula akishasikia kwamba wameshakula kule, ili wale pamoja. Alisema kwa furaha, na mimi nikalirudisha sinia jikoni. Nilimpigia baba mara nyingi. Treni ya kule huingia kwenye mahandaki na simu hukatika. Nikaandika: hajala. Ujumbe haukufika.

Baada ya alasiri simu ya Riyadh ililia. Niliweka kwenye spika kwa sababu sikuona namna ya kukwepa.

"Usijali, dada yangu," sauti ilisema. "Chakula nimewapa majirani. Mbuzi alikuwa mzuri, hakikumwagwa kitu."

"Hakuja?"

"Watu wakubwa wana shughuli. Mimi ni mzee, nakaa mbali, njia mbovu. Usimgombeze."

"Hakupiga simu?"

"Halas, tumeyamaliza. Magoti vipi?"

Walipokata simu mama kabira aliisukuma mbali naye. Kisha akauuliza ukuta, si mimi, "Nimelea kitu gani?"

Nilileta wali. Akasema hataki. Nilileta mtindi. Akasema Mungu amemwacha hai ili aone mdogo wake akipika na kungojea mlangoni kama ombaomba. Nilimpima sukari na namba ilikuwa imeshuka kuliko nilivyowahi kuiona. Mikono yake ilianza kutoa jasho. Nilisogeza juisi, akageuza uso.

Nilitoka kwenda mlango wa jikoni. Dereva alikuwa anaosha gari.

"Hataki kula," nilisema. "Si kwa sababu ya ndege. Ni kwa sababu ya Riyadh."

Alizima bomba la maji. Hakutania.

"Mwambie."

"Baba alikataza."

"Baba yuko kwa treni. Huyu yuko hapo ndani. Mwambie sahii, ama utaeleza watu wa ambulensi."

Ningependa kuandika kwamba niliwaza afya yake kwanza. Niliwaza ile ofisi, na wasichana waliolala na mabegi chini ya vichwa. Halafu niliwaza jinsi kila neno nililomwambia kwa siku zile litakavyorudi mbele yangu, moja moja, na nitakavyokuwa nimesimama pale. Aibu ya kugunduliwa nimekosea huniumiza kuliko kosa lenyewe. Hilo nalijua na halijapungua kwa kulijua. Niliingia ndani na juisi mkononi.

"Mama kabira, hawako Riyadh."

Hakugeuka. "Wako wapi?"

"Kwenye treni."

"Treni ya wapi?"

"Uhispania. Inakwenda Cordoba."

Sasa aligeuka. "Qurtuba? Ya Andalusi?"

"Ndiyo hiyo."

"Walifika vipi?"

"Kwa ndege. Riyadh mpaka Roma, halafu Barcelona."

"Wametua?"

"Wametua siku nyingi. Sasa wako chini, kwenye reli."

Nilikuwa nimeshika gilasi kwa mikono yote miwili.

"Na mimi namtukana mwanangu moyoni tangu mchana," alisema. "Lete hiyo juisi."

Alikunywa yote. Nikampa tende, akala, na wali, akala nusu ya sahani bila kuinua macho. Nilipima tena na namba ikapanda. Kabla sijafuta kipimo alikuwa ameshaomba simu.

"Hakukataa kuja kwako," alimwambia dada yake. "Hayuko Riyadh. Yuko Andalusi, na watoto. Wamenificha ili nisife."

Dada yake alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo nimemlaani bure?"

"Ulimlaani?"

"Kidogo. Nikigawa nyama."

"Futa upesi, yuko kwenye treni."

"Nimefuta, nimefuta. Mwambie nimefuta."

"Simwambii kitu. Na wewe nyamaza."

Alikata simu na kunigeukia. Alikuwa na rangi usoni sasa, na ndiyo iliyonitisha.

"Ile wadi yenye daraja."

"Nilisoma kwenye simu."

"Na lile vumbi la kila siku?"

"Vumbi lilikuwepo kweli. Niliangalia kila asubuhi."

"Kwa hiyo vumbi ni kweli," alisema, "na mwanangu ni uongo."

Nikaanza kufuta kipimo. Sikuona neno la kurekebisha.

"Mwanangu hatajua kwamba najua," aliendelea. "Akijua, atakurudisha ofisini kwa kutotii, na mimi sina nguvu ya kumfundisha mtu mwingine kahawa yangu. Lakini kuanzia leo wakipanda kitu chochote, utaniambia kabla hawajapanda. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa nionyeshe picha."

Nilimwonyesha zote. Mizigo iliyoziba njia ndani ya treni ilimchekesha sana. Picha za nguzo za msikiti wa kale wa Cordoba zilifika jioni ya siku iliyofuata, nguzo nyingi kama msitu, na alikuza kila moja kwa vidole viwili.

"Waliswali?"

"Sasa ni kanisa, mama kabira."

"Basi wamekwenda kuangalia nguzo," alisema, akaomba nyingine.

Siku ya ndege ya kurudi nilikuwa nimejitayarisha kwa mabaya. Nilimpigia nesi wa zahanati yao nikauliza sindano ifanyiwe nini mtu akila kidogo kidogo, nikarudia maelezo yake mpaka akachoka nami. Kisha nikampa mama kabira simu yenye ile ramani inayoonyesha kila ndege angani, na kindege chao kidogo kikitoka Madrid. Aliiweka kwenye mto mbele yake. Kikiwa juu ya nchi kavu alikula. Kikiingia baharini aliweka kijiko chini. Nikapanga chakula kufuata ramani. Supu ilikuwa tayari kikikaribia pwani ya Misri, na alipoona kimegusa rangi ya ardhi alinyosha mkono kabla sijasema kitu. Bahari ya Shamu aliivuka kwa kushika tasbihi. "Hii ni yetu," alisema, "lakini bado ni maji."

Aliwapigia Riyadh walipotua. Alimwambia mwanawe, kwa sauti tamu, kwamba kwa kuwa bado yuko Riyadh, asiondoke bila kumsalimia mama mdogo. Baba alikwenda moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, na familia nzima ikasinzia kwenye makochi ya yule mzee, wakala wali wa maziwa, na hakuna aliyewauliza chochote. Dada yake alipiga simu baadaye kuripoti. Alisema mtoto mdogo alimwambia kwamba Riyadh kuna ng'ombe wanaopigana na watu, na yeye akajibu kwamba ndiyo, upande wa kaskazini.

Walipofika Jeddah nyumba ikarudi kuwa na kelele. Mambo yalionekana kama zamani, lakini kwangu hayakuwa. Mama kabira aliendelea kula chakula changu. Ila nikimwambia sukari yake ni kiasi fulani, alichukua kipimo na kusoma mwenyewe, akikisogeza mbali na macho. Nikimwambia nje kuna joto, alimwita dereva kupitia dirishani: "Nje kuna joto?" Dereva alijibu kuna joto, akinitazama kwa pole. Hakufanya hivyo kwa hasira. Alikuwa anahakikisha, kama mimi na gesi yangu, na sikuwa na haki ya kulalamika. Niliumia hata hivyo. Kupanga vikombe hakukunisaidia.

Siku chache baadaye baba alikuja mlangoni mwa jikoni, akiwa amebabuka pua kwa jua la Andalusi, jua ambalo Riyadh ingeweza kulieleza.

"Mama hakujua chochote," alisema. "Na amenawiri. Nakushukuru."

"Asante, baba."

"Mwakani tunafikiria Ugiriki. Kule watu huzunguka visiwa kwa meli. Utatukatia tiketi. Na huku tutasema ni Riyadh tena, sawa?"

"Sawa, baba."

Sikuona jibu jingine ambalo lingeweza kutoka mdomoni mwangu mahali pale. Aliondoka. Nilipeleka kahawa chumba cha chini, ambako mlango ulikuwa wazi muda wote. Mama kabira aliningoja nimimine.

"Wapi?" aliuliza.

Ningeweza kusema bado hawajaamua. Ilikuwa karibu sana na kweli.

"Ugiriki."

"Kwa ndege?"

"Ndege, kisha meli. Kuna visiwa."

Alishika kikombe bila kunywa. "Wale watoto wanajua kuogelea?"

Mkubwa aliwahi kupelekwa kwenye bwawa, akalia mpaka akatolewa. Mdogo huogopa hata maji ya kichwani. Lilikuwepo jibu zuri la kumtuliza, nililiona likiwa tayari, kila neno mahali pake.

"Hawajui," nilisema.

Alikunywa kahawa yake mpaka mwisho, akanirudishia kikombe nimwongeze.

"Basi tuna mwaka," alisema. "Watafutie mwalimu. Awe mwanamke, na asiwe mpole."